Milia ya Chui Asiyekuwepo

Malemba-Nkulu hutamwona farasi. Utaona mitumbwi ikiteremka mto Lualaba, utaona wanawake wamejitwisha mabeseni ya samaki wakavu, na zaidi ya yote utaiona kinga, ndivyo Kiswahili cha Katanga kinavyoiita baiskeli, imepakiwa magunia mpaka gurudumu la nyuma halionekani. Mwenyewe haipandi. Anaisukuma kilomita baada ya kilomita, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mti uliofungwa nyuma ya kiti. Hiyo ndiyo farasi wa Haut-Lomami, mkoa huu wa Kongo.

Mtazame basi mwenye kinga pale gurudumu linapoanza kuyumba njiani. Hasemi kwamba tairi ni bovu akaenda zake kutafuta jingine. Kwanza anashusha mzigo. Anaipindua kinga magurudumu juu, isimamie kiti na usukani. Analizungusha gurudumu taratibu, na kandokando ya ukingo wake anashika kijiti kinachokaribia kugusa chuma. Kila mzunguko, mahali palepale, chuma kinakikwaruza kijiti: krr, kimya, krr, kimya. Hapo ndipo penye spoki iliyolegea. Anaikaza kidogo, anazungusha tena, anasikiliza tena. Kinga haina mdomo wa kusema inapoumia, lakini mwenyewe anajua jinsi ya kuiuliza.

Kisa ninachotaka kusimulia ni cha watu waliokuwa na wanyama wenye damu na pumzi, tena wakiongozwa na mtu aliyesomea udaktari, ila wakashindwa kufanya kile anachokifanya msukuma kinga bila kufundishwa na mtu.

Januari 1866, David Livingstone alifika Unguja kuanza safari yake ya mwisho. Alikuwa amepitia Bombay, na huko alipata maaskari wa Kihindi pamoja na nyati wa kufugwa. Mwishoni mwa Machi akashuka Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, na kundi la wanyama ambalo bandari ile ndogo haikulizoea: ngamia 6, nyati 3 na ndama, baghala 2 na punda 4.

Wanyama hao hawakuletwa kubeba mizigo tu. Walikuwa jaribio. Tangu safari zake za kusini mwa Afrika, Livingstone alijua kuwa mbung'o huangamiza ng'ombe na farasi. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: je, ngamia na nyati wa Kihindi watahimili? Wakihimili, mizigo ya bara itashuka kutoka vichwani mwa watu na kupanda migongoni mwa wanyama. Wasipohimili, nalo ni jibu.

Msafara ukaelekea bonde la Ruvuma. Haikupita muda mrefu mbung'o wakaonekana juu ya ngamia na nyati, wakinyonya damu. Livingstone akaandika kwenye daftari lake, akasubiri dalili. Mpaka hapo jaribio lilikuwa linakwenda vizuri: mnyama yupo, inzi yupo, mtazamaji yupo.

Kilichoharibu jaribio kilikuwa kwenye mikono ya wachungaji. Wanyama walikabidhiwa maaskari wale, na maaskari hawakuipenda safari. Waliwatwisha kupita kiasi. Waliwapiga kwa vigogo vya miti. Walichelewa nyuma, wakalala mchana, kisha wakawaswaga kwa pupa ili kufidia. Ngamia wakajaa majeraha, mmoja akawa na kidonda kibaya nyongani. Wakaanza kulegea, wakaanza kuanguka, wakaanza kufa. Sasa niambie: ngamia aliyepooza miguu ya nyuma kando ya Ruvuma, amelemazwa na nini? Na inzi? Na tandiko? Na gogo lililomshukia nyongani? Na mzigo uliokaa upande mmoja kutwa nzima? Livingstone, daktari, hakuweza kujua, na alikiri kwamba kwa mateso yale matokeo yake hayawezi kuaminika. Inzi na fimbo walikuwa wamekula sahani moja.

Tuna msemo wetu wa zamani, punda afe mzigo ufike. Kule Ruvuma punda alikufa, na mzigo ukarudi vichwani mwa watu.

Katikati ya kisa hiki kuna kioja kimoja ambacho Livingstone alikiandika, na kwangu ndicho kiini cha funzo lote. Siku moja maaskari waliobaki nyuma walifika kambini bila mnyama mmoja katika wale nyati. Wakaeleza kwamba amekufa na chui milia wamekuja wakamla. Wao wenyewe wamewaona. Livingstone akawauliza kama waliiona milia yao. Wote wakaapa kwamba waliiona vizuri kabisa. Ukweli ni kwamba nyati walimchinja na kumla wao, na chui milia hayupo Afrika nzima. Ni mnyama wa Asia. Waliambiwa neno "milia", wakaiona milia.

Wale walikuwa wanadanganya kwa kujua. Lakini wengi wetu hudanganyika vilevile bila kukusudia, tena mbele ya mnyama tunayempenda. Tukishalitaja jina la ugonjwa, tunaiona na milia yake.

Julai mwaka huohuo Livingstone akawarudisha maaskari pwani kutoka kwa Mataka, mmoja wa wakuu wa Wayao. Yeye akaendelea. Machi 1871 alisimama Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, mto uleule ambao kabla ya kufika huko hupita Malemba-Nkulu. Alifika kwa miguu yake, hana ngamia wala baghala.

Mwezi huohuo Henry Morton Stanley alikuwa akiondoka Bagamoyo kumtafuta, na alikuwa na farasi wawili. Mmoja, farasi wa Kiarabu mwenye rangi ya kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Zawadi ya Sultani haikufika mbali. Ilifia Kingaru, ambako bado ni mwendo wa siku chache tu kutoka baharini, na farasi wa pili hakukawia kumfuata. Jibu la haraka lilikuwa tayari midomoni mwa watu: farasi akifa bara, ameuawa na mbung'o. Stanley akachukua kisu akampasua tumbo. Ndani akakuta minyoo mifupi minene imeng'ang'ania ukuta wa tumbo kama miruba, na matumbo yamejaa minyoo mirefu myeupe.

Sisemi kwamba minyoo ile peke yake ndiyo iliyoua. Ninachosema ni kwamba kama asingepasua, daftari lake lingeandikwa "mbung'o" na mambo yangeishia hapo. Kisa kina mkia wake wa kuchekesha pia: mkuu wa Kingaru alikuja kudai doti 2 za kitambaa cha merikani kwa sababu farasi amezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akasema basi atamfukua na kumrudisha palepale alipofia. Mkuu akafikiria harufu, akasamehe.

Wakati huo hakuna aliyejua mbung'o anabeba nini. Jibu lilipatikana Ubombo, katika nchi ya Wazulu, mwaka 1894 na 1895, pale daktari David Bruce alipotazama kwa darubini damu ya mifugo iliyoumwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kati ya chembe nyekundu aliona kijidudu chembamba kikijinyonganyonga kama mkunga majini. Baadaye kikapewa jina lake, Trypanosoma brucei. Ndugu yake wa karibu ndiye anayemletea binadamu malale. Katanga nayo ilichunguzwa mapema: kati ya 1910 na 1912 tume ya Wabelgiji iliyoongozwa na Daktari Jérôme Rodhain ilifanya utafiti wake huko, Bukama ikiwemo, mji ulio juu ya Malemba-Nkulu kwenye mto huohuo. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini ukingoni mwa Lualaba kinga ndiyo iliyoshika nafasi ya farasi, sehemu kubwa ya jibu ina mabawa mawili.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe. Ng'ombe mwenye nagana hukonda na kuishiwa damu. Farasi ana balaa la ziada, kwani kijidudu hiki kikimwingia hakitosheki na damu. Kinapenya mpaka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mwanzoni homa inakuja na kuondoka. Fizi zinapauka. Chini ya tumbo na miguuni kunavimba. Anakula, lakini mbavu zinazidi kuhesabika. Kisha, wiki au miezi ikipita, miguu ya nyuma inaanza kuyumba. Anaburuta ncha za kwato. Akigeuzwa anajikwaa mwenyewe. Mwisho anaketi kama mbwa na hawezi kuinuka.

Mwenye farasi anaona nini? Anaona kiuno kinachoyumba, na mdomo unatamka "mgongo". Anambadilishia tandiko, anamkanda kwa mafuta, anampumzisha. Kila siku anaiona milia: leo amejinyoosha vizuri, ni mgongo unapona, kesho ameanguka, ni mgongo umerudi. Wakati huo damu inaendelea kuliwa. Mwingine, anayeishi penye mbung'o, anakosea kwa upande wa pili. Kila mnyama anayelegea humdunga dawa ya nagana, kumbe chini ya tandiko kuna kidonda kilichofika mfupani. Wa kwanza ameusahau ugonjwa wa inzi, wa pili ameisahau mikono yake mwenyewe. Wote wawili wamelipa jina jambo ambalo hawajalitazama.

Mgongo ulioumia kweli unaonekanaje? Waulize watu wa Lamu. Mji wao ni wa vichochoro, na punda ndiye lori: anabeba mchanga, mawe ya matumbawe, mifuko ya saruji. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kliniki huko. Anayewajua punda wa Lamu anajua kwamba kidonda cha tandiko hakina siri. Kipo palepale kamba inaposugua, palepale mzigo unapoegemea. Hata kabla ngozi haijachubuka, mgongo hutoa habari zake. Ondoa tandiko. Weka viganja viwili, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, ukandamize kidogokidogo kutoka mabegani kwenda kiunoni. Ukifika penye maumivu mnyama anabonyea, masikio yanalala nyuma, ngozi inatetema. Rudi mwanzo, pita tena. Ukifika palepale, anafanya vilevile. Maumivu yana makao.

Ugonjwa wa mishipa ya fahamu hauna makao ya namna hiyo. Mpe mtu kamba amwongoze mnyama polepole mahali tambarare, wewe simama nyuma, mbali na mateke. Mnyama mwenye maumivu hukosea kosa lilelile kila hatua, kama gurudumu la kinga kwenye kijiti: krr, kimya, krr, kimya. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu kila hatua hukosea kosa jipya. Mara mguu umetua mbali, mara umemkanyaga mwenzake, mara umechelewa kutua kana kwamba umesahau ardhi iko wapi. Mgeuze kwenye duara dogo, mguu wa nje unafagia nusu ya uwanja. Mrudishe kinyumenyume, anachanganyikiwa. Daktari wa mifugo atauvuta mkia kwa pembeni huku mnyama anatembea: mzima hujikaza na kukupinga, mgonjwa anakufuata kama mlevi anayeshikwa mkono. Anayeyumba hivyo asipandwe na mtu kabisa. Akianguka, anaanguka juu ya aliyempanda.

Mgongo ukishajibu, iulize damu. Tone moja hutiwa kwenye kijirija cha kioo chembamba, kinazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zijitenge chini na majimaji yabaki juu. Mpakani hapo, kwenye utando mweupe, ndipo darubini huwakamata vijidudu wakiwa bado wanacheza. Kipimo hichohicho kinaonyesha damu imepungua kiasi gani. Lakini damu iliyo safi leo haijatoa hati ya kuachiwa huru. Vijidudu hawa hupanda na kushuka, na hupatikana kwa urahisi zaidi siku ya homa. Hupimwa tena na tena.

Hata dawa ina mtego wake. Diminazini, ambayo wafugaji wengi huijua kwa jina la Berenil, huua vijidudu walio kwenye damu, ila haipenyi vya kutosha kwenye ubongo, na farasi huivumilia vibaya kuliko ng'ombe. Kwa hiyo mnyama anaweza kudungwa, akanenepa, mwenyewe akatamba kwa majirani, kisha baada ya muda miguu ya nyuma ikaanza kuyumba. Hapo mwenyewe anaapa kwamba huu ni ugonjwa mwingine, nagana ilishapona. Kumbe ni uleule, ulikuwa umejificha chumba cha ndani. Ndiyo sababu sindano ya kubahatisha ni hatari: hata pale inapogonga ugonjwa sahihi, inaweza kuufukuza sebuleni tu.

Kuna jina moja zaidi ambalo halitakiwi kusahauliwa, hasa penye mbwa wengi wasiochanjwa: kichaa cha mbwa. Punda au farasi aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa si lazima aanze kwa ukali. Anaweza kuanza kwa kuchechemea, au kwa udhaifu wa miguu ya nyuma, au kwa kushindwa kumeza na kudondosha mate. Watu wengi hufikiri amekabwa na kitu, wakaingiza mkono mdomoni kukitafuta. Usiuingize. Ukishaguswa na mate yake penye jeraha, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha ukimbilie chanjo siku hiyohiyo. Kosa la mgongo humpotezea mtu mnyama wake. Kosa hili humpotezea uhai wake.

Sasa turudi Ruvuma: Livingstone alikosea wapi? Si kwa kutojua kijidudu. Mwaka 1866 hakuna duniani aliyekijua. Na macho alikuwa nayo, maana aliwaona mbung'o, akaona fimbo, akayaandika yote mawili. Kosa lilikuwa kuyaacha yote mawili yaendelee pamoja juu ya mgongo mmoja, wiki baada ya wiki, halafu kutaka mnyama aseme ni lipi linalomuua. Msukuma kinga wa Malemba-Nkulu asingefanya hivyo. Hatua yake ya kwanza kabisa, kabla ya kijiti, kabla ya spoki, ni kushusha mzigo.

Hilo ndilo funzo la kisa hiki. Shusha mzigo. Ondoa tandiko. Zuia fimbo. Ujiondoe wewe mwenyewe kwenye orodha ya watuhumiwa, ndipo uwatafute wengine. Mnyama akipata nafuu kwa hilo tu, mwizi ameshapatikana na yumo nyumbani. Akizidi kuyumba bila mzigo na bila fimbo, umeshajua jambo ambalo msafara mzima wa Ruvuma haukulijua.

Wewe uliye na farasi Nairobi au Arusha, uliye na punda Lamu, uliye na ng'ombe wa kukokota jembe popote pale, siku mnyama wako atakapoanza kuyumba usiende kwa daktari wa mifugo ukamwambie, "Ana mgongo." Ukisema hivyo umeshamchorea milia. Mwambie ulichokiona: alianza lini, mguu upi, kosa ni lilelile au kila hatua jipya, anakula vipi, fizi zina rangi gani, alipandwa lini mara ya mwisho, alibeba nini, alilishwa wapi, aliumwa na mbwa au hakuumwa, na sindano gani amekwishadungwa na nani. Na lile la fimbo usilifiche. Jina la ugonjwa mwachie yeye na darubini yake.